Kishindo Alichokisikia Fuko

Mbio za wanyama zilipofika mzunguko wa mwisho, Kongoni ndiye aliyeongoza, kwato zake zikipiga puu! puu! Watazamaji wakapagawa. "Ardhi inatetemeka! Dume kweli!"

Fuko akachomoza kichwa shimoni. "Kongoni, punguza mwendo! Mzunguko wa kwanza ulinipita juu kama unyoya. Sasa udongo unaniangukia kichwani. Misuli imechoka, kishindo chote kinabebwa na mfupa!"

"Hiki ni kishindo cha bingwa, Mzee Fuko!" Kongoni akacheka, akaongeza kasi. Hatua kumi mbele, mfupa wa mguu ukalia ka! Akaanguka.

Digidigi, aliyepanda vilima msimu mzima kukaza misuli, akampita mpaka kwenye utepe. Uwanja ukalipuka kwa vifijo.

Fuko akauliza, "Kashinda nani? Huyo sikumsikia akipita."