Pagale la Maige

Maige aling'oa bati la mwisho akalitupa chini bila kuangalia litamwangukia nani. Nyumba yake ya miaka tisa, pale kwenye mawe ya Igogo, ikabaki kuta tupu.

"Mama Justa, toa na mapazia! Pagale gani lina mapazia?"

Mkewe, Dorotea, alikuwa akihamishia magodoro nyuma ya jabali, huku wingu zito likija kutoka ziwani. Alikuwa na hasira ya kumchapa mtu.

"Baba Justa, mwenyekiti wa mtaa alisema wanakuja kukadiria kiwanja."

"Kiwanja, nyumba, si yale yale? Kodi iko kwenye nyumba. Pagale halijawahi kulipa kodi, tangu enzi za babu."

"Akili nyingi huondoa maarifa," alisema Dorotea, akajitwika sufuria.

Maige hakutulia. Alipanda jiwe akachungulia njia, akashuka, akafungua balbu sebuleni, akapanda tena. Akiba yake yote ilikuwa ada ya Justa, anayesomea uuguzi Sengerema. Kodi ikiila hiyo, binti anarudi nyumbani, na Maige aliogopa siku hiyo kuliko alivyoogopa mvua.

Saa sita afisa akatokea, binti mmoja aitwaye Queen, kishikwambi mkononi. Aliingia kwanza kiwanja cha jirani, Revocatus, ambacho hakijawahi kuona hata tofali. Akazunguka humo weee, magugu yakimfika kiunoni.

"Anapima magugu!" Maige alicheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Hatimaye Queen akapanda kwao, akihema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umejisumbua bure. Hapa ni pagale tu, hakai mtu."

Queen alitazama kuta, kisha akamtazama Dorotea aliyekuwa amekalia ndoo.

"Hata mpangaji hakuna?"

"Hata mjusi."

"Mna uhakika? Maana nikishaandika, ndiyo imetoka."

"Andika, mwanangu, andika!"

Queen akaandika. Maige akatia sahihi upesi, kabla binti hajabadili mawazo, kisha akashusha pumzi na kuuliza kwa upole wengine wote wanalipa kiasi gani.

"Wengi hawalipi kitu, baba. Mwaka huu nyumba hazitozwi, inatozwa ardhi kwa thamani yake. Na anayeishi kwenye kiwanja chake amesamehewa."