Herufi Chini ya Kidole Gumba

"Soma mbio, mama," kamanda alisema. "Betri iko nakufa."

Kahambu alijua kusoma haraka. Tangu vita vianze alikuwa akihesabu tembo msituni, na chini ya miti mikubwa GPS hukamata satelaiti kwa dakika moja tu, kisha huzipoteza. Sasa kifaa, chenye vidoti vya kila mahali alipowaona tembo, kilikuwa mkononi mwake, ofisini Makiso. Bunduki sita zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Askari mmoja alishika kalamu na karatasi, namba za mashariki tayari zimeandikwa.

"Tunataka pembe, hatutaki vidoti," alisema, na wenzake wakacheka.

Kamanda aliinama juu ya bega la Kahambu ili afuate namba kwenye kioo.

"Sifuri. Hamsini na mbili. Kumi na saba."

Namba zote zilikuwa za kweli. Mbele ya ile sifuri ilisimama herufi N, ya kaskazini. Kidole gumba cha Kahambu, chenye ukucha uliopasuka, kiliifunika.

"Nord ao sud?" aliuliza mwenye kalamu.

Tembo wake wote walikuwa kaskazini. Herufi moja ingewapeleka hawa watu ng'ambo ya ikweta, kwenye msitu ambao tembo waliisha zamani.

"Sud," Kahambu alisema.

Askari akaandika S, ya kusini. Kioo kikazima. Kamanda akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati.

"Aksanti, mama. Bon, vaa buti. Wewe utatangulia, tutakufuata."

Kahambu alitazama kioo cheusi. Kidole chake kilikuwa bado palepale.