Mmoja Harudi

Siku hizi hakuna anayesafiri mpaka mashine ya ukutani iijaribu safari yake kwanza na kuona wote wamerudi. Zawena alikuwa amesimama mbele yake jikoni tangu asubuhi, chai imepoa.

"Mmoja harudi," mashine ilisema tena.

Alishapunguza siku za safari yao ya mtoni. Alishahamisha kambi mbali na viboko, akachagua mitumbwi mipana kama vitanda, na mto wenyewe wakati huu ulikuwa umetulia kama maji ya beseni. Jibu lilelile.

"Nani sasa, wewe dude?" Mashine haitaji majina.

"Mama Tumu, ondoa mtu mmoja mmoja tuone," mumewe alisema.

Akamwondoa mumewe, kisha Tumu, kisha mdogo wake Tumu. Bado. Akasonya, akajiondoa mwenyewe.

Taa ikawaka kijani.

"Basi nitazama," alisema. "Mimi, niliyekulia kwenye makasia."

"Haikusema utazama," mumewe alisema. "Ilisema hurudi. Hata asiyetaka kurudi harudi."

Akaliokota boya la kuvaa la mkewe, akalirudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo.