Kitambi cha Ngiri

Katika utawala wa Kiboko, kitambi ndicho kilichokuwa kadi ya chama. Ndiyo maana Digidigi, aliyekimbia kila asubuhi, alitiliwa shaka.

"Anayekimbia bila kufukuzwa ana lake jambo," alisema Kiboko. "Ngiri, mfuatilie. Ukimnasa, ukuu wa wilaya ni wako."

Ngiri akamfuata mbio mwezi mzima.

"Afande, mimi natafuta usingizi tu," Digidigi alimwambia wakipanda kilima. "Haya, kaza mwendo."

Hatimaye Ngiri akapeleka ripoti ya kurasa arobaini. Kiboko hakuifungua. Alikuwa akimtazama kiunoni.

"Kitambi chako kiko wapi, ndugu?"

"Kimeishia kazini, Mheshimiwa."

"Wote husema hivyo."

Kazi ya kumfuatilia Ngiri akapewa Konokono, ambaye hajawahi kushukiwa kukimbia.