Udongo Mweusi wa Bondeni

Mbwa hakubweka. Hilo lilimshangaza Amisa alipowaona wanaume wanne wakishuka bondeni na mapanga, wakaingia shambani na kuanza kung'oa muhogo. Njiani palikuwa na shimo la kutegea nguruwe, limefunikwa majani makavu. Walilizunguka bila hata kutazama chini.

"Wezi hao," alisema mumewe, mzee Bulaimu, akafyonya kupitia mwanya wa meno yake. "Niliwafukuza mwaka jana, leo wamerudi."

Akachukua panga.

Amisa aliolewa kutoka Kasongo kiangazi kilichopita, na sasa mimba yake ilikuwa nzito. Ugeni haukumzuia kujua thamani ya bonde hili. Kule juu, kando ya barabara ya Kabambare, Mzungu wa Serikali alikuwa amevirundika vijiji vyote pamoja, na pamba ya lazima ikala udongo mpaka mawe yakatoka nje. Huku chini tu ndiko udongo ulibaki mweusi. Mtoto wake angekula kutoka hapa, au asile kabisa.

Akashika mchi wa kutwangia.

Mke mkubwa, Mama Kasimu, hakuinuka. Aliendelea kumenya muhogo barazani.

"Bulaimu," aliita. "Piga miguu. Kichwa usiguse."

"Yaya, dada yangu, unahurumia wezi?" Amisa aliuliza.

"Ukisha kuzaa, mudogo wangu, utaniuliza tena."

Bulaimu alikwisha kufika shambani. "Muende mukalime kwenu, kule barabarani!"

"Kule iko mawe tu, muzee," alijibu mmoja mrefu, mwenye kofia ya ukindu iliyomfunika mpaka machoni. "Sisi unatuchoka. Kuoa, hauchoki."

Panga likamjibu. Lilimkosa yeye, likampasua bega aliyekuwa kando yake, na damu ikatapakaa juu ya majani. Wa pili alikatwa paja, akaanguka kifudifudi juu ya mihogo aliyoing'oa. Wa tatu alikinga kwa mpini, vidole viwili vikaenda. Mzee alipiga kama mtu anayefyeka magugu, naye hakurudishiwa hata pigo moja.

Yule mrefu akaruka, akamkamata mkono, akaukunja ili panga lianguke. Mzee akapiga magoti, akiguta kwa maumivu.

Amisa aliona hayo tu: mumewe chini, mwizi juu yake. Alikimbia na tumbo lake, akainua mchi kwa mikono miwili, akaushusha katikati ya ile kofia. Mfupa ulilia. Mtu yule alikaa chini polepole, kama aliyechoka, kisha akalala.

Mama Kasimu akaja mbio, muhogo ukimdondoka kwenye nguo. Akampita mumewe bila kumtazama, akapiga magoti, akakipakata kile kichwa kilichopasuka.

"Kasimu," alisema. "Kasimu, mutoto wangu, fungua macho."

Mchi ukamponyoka Amisa. Akawatazama wale waliokuwa wakigumia katika udongo mweusi, mmoja baada ya mwingine, na katika kila mdomo aliuona mwanya ule ule wa mumewe.

Bulaimu alifuta panga lake kwa majani ya muhogo. Kisha akaligeukia tumbo la Amisa, akalitazama kwa macho yale yale aliyowatazamia wezi walipokuwa wakishuka bondeni.