Sifuri ya Kifaa

"Sifuri," shemeji wa mjane alisoma kwenye kioo kidogo cha kifaa. "Shemeji, hiki kitu kinasema kaka alikuwa salama. Na jana tumemzika."

Mjane alichukua kijiti kingine cha kupimia, ncha yake imepakwa chembe za dhahabu ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Akakidondoshea damu ya mumewe, iliyobaki kwenye friji ya maabara tangu wiki iliyopita. Chembe zile zilitakiwa kunasa protini ambayo moyo huivujisha ukianza kuumia, kisha umeme kidogo upeleke habari kwenye kioo.

Sifuri tena.

Mashine kubwa ya hospitali ilikuwa imepima damu hiyo hiyo asubuhi. Daktari alisema moyo ule uliumia kimyakimya kwa miaka.

Enzi za uhai wake, kila Ijumaa mjane alimpima mumewe kwa kifaa hicho kwenye meza ya jikoni. Mume alipolalamika kwamba kifua kinambana, alimchoma kidole, akamwonyesha kioo na kumtania, "Acha kudeka, bwana. Moyo kama umetoka dukani leo!" Mume akacheka, akaenda zake mpirani. Hakuona haja ya daktari, maana hospitali yake ilikuwa nyumbani.

"Ndiyo maana wakasema mganga hajigangi," shemeji alinong'ona, bila ubaya.

"Nimemuua mimi." Machozi yalimdondokea kwenye glavu, wala hakuyafuta.

"Usijitwishe lawama, dada," alisema mwenzake wa maabara, waliyemwita Ngurumo kwa sababu ya kicheko chake. "Kifaa hakina kasoro. Mahututi wote wa wodini kimewakamata, hata mmoja hakukiponyoka."

Akajichoma kidole mwenyewe ili kuthibitisha. Kioo kikaonyesha namba iliyo chini ya sifuri, kama kilivyomsoma siku zote.

"Unaona? Mimi afya imenizidi." Ulikuwa utani wao wa zamani. Leo hakuna aliyecheka.

Mjane alikodolea macho namba ile. Akaanza kurudi nyuma kimawazo, hatua moja moja, mpaka siku kifaa kilipowashwa kwa mara ya kwanza, kikiwa hakijui lolote. Kifaa cha namna hii hufundishwa: hupewa damu ya mtu asiye na ugonjwa, kikaambiwa hii ndiyo sifuri, maradhi yanaanzia juu ya hapa.

"Ngurumo," alisema. "Yule mtu wa kujitolea damu, siku ile ya kwanza..."

"Hakutokea. Tulimsubiri mpaka tukakata tamaa." Ngurumo akaketi ghafla.

Siku ile mlango ulifunguliwa, mumewe akaingia na kapu la chakula chao cha mchana. Alipoona nyuso zao zimenuna, alicheka, akakunja mkono wa shati.

"Chukueni yangu," alisema. "Mimi buheri wa afya."