Mikono ya Lubanga

Siku hizi kila mfiwa hupewa glavu zilizojifunza mikono ya marehemu wake. Zangu zimejifunza mikono ya Lubanga, mume wangu. Jumamosi baada ya chakula nasukuma kochi ukutani, nazivaa, naweka disko, naye ananishika kama alivyonishika kwenye ile klabu chini ya duka la magodoro, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, jasho hadi kwenye soksi.

Jana nilikuwa nazunguka naye vizuri tu, mara harusi ikafika kwa jirani na matarumbeta yake. Glavu zikalegea mikononi mwangu, zikaniachia.

Nikampigia binti wa huduma kwenye kampuni ya glavu. "Zimeharibika!" nikafoka.

"Hazijaharibika, babu. Zinafanya alichozoea yeye."

Hapo nikakumbuka. Mlinzi wa klabu akiona gari la polisi, dijei aliweka wimbo wa harusi, na kila mwanamume alimwachia mwenzake akamshika mwanamke aliye karibu. Polisi wakiingia, wanakuta maharusi na wageni wao. Lubanga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuachia, kabla ya wote. Nilimnunia kwa hilo miaka mingi.

"Nikufutie hiyo tabia?" binti akauliza.

"Usiguse."

Nikakata simu. "Lubanga," nikaziambia glavu, "hawaji tena. Ile sheria ya kutukamata ilishafutwa."

Vidole havikujikunja. Nikasimama katikati ya sebule, mikono nimeinyoosha, nikingoja harusi ya watu iishe.